Gari linasema, nani analielewa?

Mtu yeyote aliyepanda teksi au gari la rafiki hapa nchini katika miaka ya karibuni bila shaka ameisikia sauti ya yule bibi wa Kijapani. Dereva anapowasha injini, kabla hata hajatia gia, bibi huyo asiyeonekana hutamka maneno machache kwa adabu kubwa kisha akanyamaza. Abiria hucheka. Dereva, ambaye amemsikia kila asubuhi kwa miaka mitatu au minne, hata hashughuliki. Ukimuuliza bibi amesema nini, atakujibu kwamba anamwamkia. Kwa kweli bibi hamwamkii mtu. Aghalabu anachosema ni kuwa kadi ya ETC haijatiwa mahali pake. Kadi hiyo ni ya kulipia ada za barabara kuu za Japani, ambako malipo hayo ya kielektroniki yalianza kuenea mwaka 2001. Basi kila siku ya Mungu, kutoka Likoni hadi Malaba, magari yetu huwakumbusha wenyewe kadi isiyokuwepo, ya barabara wasizozipita, kwa lugha wasiyoijua.

Kisa hicho huchekesha, nami nimekicheka mara nyingi pamoja na abiria wenzangu. Hata hivyo, kwa mtu ambaye riziki yake inatokana na isimu, kicheko hakidumu. Ni wapi pengine mtu hununua kwa bei ya shamba kitu kinachomsemesha kila siku, naye asitake kujua kinasema nini? Redio ya gari lilo hilo haishiki nyingi ya stesheni zetu, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kukomea 90 au 95, ilhali yetu hupanda hadi 108. Mnunuzi humwendea fundi akamtilia kifaa cha kupanua masafa. Betri ikichomolewa, redio nyingine hujifunga na kudai nambari ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Haya yote tunayahesabu kuwa usumbufu mdogo wa mitumba, kama kifungo kilichopotea kwenye shati la Gikomba. Mimi nayahesabu kuwa dalili ya ugonjwa mkubwa zaidi.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Gari la leo limejaa lugha tangu taa za mbele hadi bomba la moshi, na sehemu kubwa ya lugha hiyo mwenye gari hakukusudiwa aisikie. Umiliki wa gari umekuwa suala la kusoma. Mtu aliye na hati ya gari, lakini hawezi kulisoma wala kumwezesha fundi wake kulisoma, amenunua nusu ya kitu alichodhani amekinunua. Nusu nyingine imebaki kwa mtengenezaji.

Tuanzie tulikotoka. Motokaa ilipofika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 20, Kiswahili hakikuingiwa na wasiwasi. Neno "gari" lilikuwa limekwisha kuvuka kutoka Bara Hindi. "Usukani" lilikuwa neno la mabaharia, la kile kifaa cha kuelekezea jahazi. Likahamishwa, likatiwa mikononi mwa dereva. "Abiria" na "nauli" vilevile yalikuwa maneno ya chomboni kabla hayajawa ya barabarani. Palipokosekana neno, mafundi hawakungoja kamati ya istilahi ikutane. Walichukua la Kiingereza wakaliondoa ugeni, tukapata breki, klachi, plagi, kabureta, rejeta, jeki na spana. Nasisitiza kuwa walioyaingiza maneno hayo lughani ni watu wenye grisi mikononi. Wengi wao hawakuwahi kukalia dawati la shule ya upili, lakini kila neno lilikuwa na kitu chake, na kila kitu kilikuwa na mkono uliokishika.

Fundi wa enzi hizo alilisoma gari kwa sikio, kwa pua na kwa vidole. Moshi mweusi ulimwambia kuwa mafuta yamezidi hewa. Moshi wa buluu ulimwambia kuwa oili inaungua. Aliichomoa plagi akaitazama rangi ya ncha yake kama daktari atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Ujuzi huo ulirithishwa kwa maneno, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi, chini ya mti sokoni au kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na lugha ya urithi huo ilikuwa Kiswahili hata pale ambapo fundi na mwanagenzi wake walitoka makabila tofauti. Hatujapata kuuheshimu ipasavyo mfumo huo wa elimu, ambao haukuwa na bajeti wala mitihani ya taifa.

Sasa tufungue gari la kisasa. Hapo zamani kila taa na kila swichi ilikuwa na waya wake, na kadiri vifaa vya umeme vilivyoongezeka, waya zikawa mzigo kwa uzito na kwa gharama. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikabuni njia nyingine na kuitangaza mjini Detroit mwaka 1986, kwa jina la CAN. Kompyuta ndogondogo za gari (au tarakilishi, wakipenda wenzangu) ziliunganishwa kwa jozi moja ya waya zilizosokotwa, zikaachwa zizungumze. Gari la kawaida leo lina makumi ya kompyuta hizo: ya injini, ya gia, ya breki, ya mifuko ya hewa, ya milango, na katika magari ya wenye nacho, hata ya kiti.

Mazungumzo yao yana kanuni ambazo mwanaisimu hawezi kuzipuuza. Hakuna kunong'onezana: kila ujumbe husikika na wote, kama barazani, na kila msikilizaji huchukua linalomhusu. Kila ujumbe huanza kwa nambari, na wawili wakianza kusema kwa wakati mmoja, mwenye nambari ndogo huendelea, naye mwenzake hunyamaza papo hapo akangoja nafasi yake. Sijui bunge lolote lenye adabu ya kiasi hicho. Walakini kuna kanuni ya tatu, na hii msomaji aiweke akilini kwa kuwa tutairudia: ujumbe hutaja jambo lakini hautaji msemaji. Kompyuta inayosikia kwamba mwendo ni kilomita 80 kwa saa haina njia ya kujua kama aliyesema ni kompyuta ya magurudumu au ni mdukuzi aliyejipenyeza barazani. Wabunifu wa miaka ile hawakuona haja ya kumwuliza msemaji jina, kwani ndani ya gari lililofungwa hapakuwa na mgeni.

Baraza hilo lina mlango wa nje. Chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, pana tundu lenye nafasi ya pini 16. Nchini Marekani magari madogo yote yalitakiwa kuwa na mfumo huo kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Chomeka kifaa kinachofaa, nalo gari litakupa neno lenye herufi moja na tarakimu 4. Walimu wenzangu wanaofundisha ngeli wataufurahia muundo wake. Herufi ya mwanzo ni kama kiambishi cha ngeli: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi pamoja na breki na usukani, U ni mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe. Tarakimu ya pili hutaja mfumo uliopatwa, na mbili za mwisho hutaja kasoro yenyewe. Kwa hivyo P0301 maana yake ni kwamba silinda ya kwanza inakosa kuwaka, na P0304 ni kwamba silinda ya nne ndiyo yenye ila hiyo. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili angeielewa sarufi hii kwa alasiri moja.

Nimeiruka makusudi tarakimu ya kwanza, maana humo ndimo mlimofichwa siri. Ikiwa ni 0, msimbo huo ni wa watu wote. Maana yake imechapishwa, na kifaa cha bei nafuu huitafsiri. Ikiwa ni 1, msimbo ni lahaja ya mtengenezaji, naye ndiye aamuaye nani afundishwe. Kwa nini sehemu moja iwe wazi na nyingine ifungwe? Kwa sababu sheria ya Marekani iliyolazimisha mfumo huu ilikuwa sheria ya hewa safi. Serikali ilitaka kujua ni gari gani linalotoa moshi mbaya, basi yanayohusu moshi yakatangazwa. Breki, mifuko ya hewa, kufuli na funguo havikuwa vimetajwa. Sheria iliyatazama mapafu ya raia, haikuutazama mfuko wake.

Tofauti hiyo si ya nadharia. Mwaka jana taa ya injini iliwaka katika gari langu, nikalipeleka kwa fundi ambaye nimemzoea kwa muda mrefu, mzee mwenye sikio la ajabu. Alichomeka kifaa kidogo, akakitazama, akaniambia, "Mwalimu, gari inaleta P0420." Nikamwuliza ni nini hiyo. "Ni mambo ya moshi. Nikufutie ama tutafute shida yenyewe?" Swali hilo lastahili kutiwa katika mtihani wa shahada. Kufuta msimbo ni kazi ya sekunde chache. Taa huzimika, mteja hulipa, na baada ya siku kadhaa taa huwaka tena. Nilimwomba atafute. Kifaa kilikuwa kimemwambia kwamba chombo cha kusafishia moshi hakifanyi kazi ipasavyo, na fundi mwingine angeniuzia kipya kwa pesa za kutisha. Yeye alilala chini ya gari, akasikiliza, akapapasa, akapata tundu dogo kwenye bomba la moshi lililokuwa likiingiza hewa na kukipotosha kihisi cha nyuma. Akalichomelea. Taa haijawaka tena.

Msomaji ataona kwamba sikio la kale na kifaa cha kisasa vilisaidiana, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini siku iyo hiyo, katika karakana iyo hiyo, palikuwa na gari jingine jipya zaidi, taa yake ya mfuko wa hewa ikiwaka. Kifaa kilionyesha msimbo ulioanza kwa B1, na mbele yake hapakuwa na maelezo yoyote. Mzee aliutazama kwa muda, akakichomoa kifaa, akamwambia mwenye gari ampeleke kwa wakala. Sikio halikumfaa, maana mfuko wa hewa uliotulia hauna sauti. Fundi wa miaka 30 alikuwa amegeuzwa mbumbumbu kwa tarakimu moja.

Na mambo yanazidi kukaza. Katika magari mengi ya siku hizi, kipuri hata kikiwa kizima na cha asili hakikubaliwi mpaka kitambulishwe kwa kompyuta ya gari kwa programu maalumu, kama bibi harusi anayetakiwa kuleta barua kutoka kwao. Funguo ndizo zilizotangulia, na kwa funguo sina lawama, kwani wezi wapo. Lakini mkondo haukuishia kwenye funguo. Mwanagenzi anayejifunza ufundi leo katika vyuo vyetu vya kiufundi huenda akahitimu akiijua injini yote, kisha akasimama nje ya gari akiomba ruhusa ya kulitengeneza.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya mafundi, yeye gari lake lampeleka kazini na kumrudisha. Basi na tuulize swali jingine: je, gari husema kweli? Mnamo Septemba 2015 serikali ya Marekani iliishutumu kampuni ya Volkswagen kwa kutia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari linapimwa. Programu hiyo ilitazama mambo kama mwendo na namna usukani unavyogeuzwa, ikang'amua kuwa gari lipo kwenye mtambo wa kupimia, ikasafisha moshi. Likirudi barabarani, gari liliweza kutoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Wanaisimu tumezoea kusema kuwa uongo unahitaji msemaji anayemjua msikilizaji wake. Hapa palikuwa na gari lililojua ni nani anayelisikiliza, likachagua la kumwambia. Tusiwacheke Wajerumani sana. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 na kila matatu ikatakiwa kutiwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, haukupita muda kabla ya baadhi ya madereva wetu kujua namna ya kukinyamazisha.

Sasa turudi kwenye ile kanuni ya tatu ya baraza. Magari yalipoanza kuunganishwa na mtandao wa simu, mlango ulifunguliwa ambao wabunifu wa mwaka 1986 hawakuuwaza. Julai 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa wameketi nyumbani na kompyuta zao, waliingia katika gari aina ya Jeep Cherokee lililokuwa likiendeshwa kwenye barabara kuu karibu na mji wa St. Louis. Aliyeliendesha alikuwa mwandishi wa habari aliyekubali kujaribiwa. Waliwasha redio kwa sauti ya juu, wakapuliza hewa baridi, wakapangusa kioo, kisha wakaikata nguvu ya injini lori zikimjia nyuma. Walipitia mtambo wa redio na ramani, ambao ulikuwa na laini ya simu ndani yake, na kutoka hapo wakasema barazani kwa sauti ya mwenyeji. Hakuna aliyewauliza ninyi ni nani. Mtengenezaji aliitisha magari milioni 1.4 ili yarekebishwe.

Mdukuzi, hata hivyo, ni mgeni wa nadra. Anayenitia wasiwasi zaidi ni mwenyeji. Mwaka 2023 wakfu wa Mozilla ulichunguza sera za faragha za aina 25 za magari, na hakuna hata moja iliyofaulu. Mwaka 2024 ilifichuka kwamba General Motors ilikuwa ikikusanya habari za namna wateja wake wanavyoendesha, zikauzwa kwa kampuni zinazowahudumia watoa bima, na wako madereva walioona malipo yao ya bima yakipanda wasijue ni nani aliyewachongea. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano ya kuizuia kampuni hiyo kwa miaka 5 isitoe habari kama hizo kwa mawakala hao. Katika shtaka lake ilieleza kuwa mahali gari lilipo palinakiliwa pengine kila baada ya sekunde tatu. Mshenga hajapata kuifuatilia nyumba ya mchumba kwa bidii ya namna hiyo.

Je, Marekani inatuhusu nini? Kanuni zetu haziruhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya magari yetu hutoka Japani, ambako usukani uko upande mmoja na wetu. Maana yake ni kwamba tunayoyaona bandarini Mombasa leo ni yale yaliyokuwa mapya miaka michache iliyopita. Juni 2018 Toyota ilizindua huko Japani aina mbili za magari, Crown na Corolla Sport, zilizotiwa mtambo wa mawasiliano tangu kiwandani kama kitu cha kawaida, wala si kwa ombi la mteja. Kizazi hicho ndicho kinachoanza kutushukia. Mei 2023 kampuni iyo hiyo ilikiri kwamba habari za wateja wapatao 2,150,000 wa Japani, pamoja na mahali magari yao yalipokuwa, zilikuwa zimeachwa wazi mtandaoni tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023. Huduma hiyo ni ya Japani na mkataba wake hausafiri na gari. Hata hivyo mtambo wa ramani husafiri, na pengine anwani ya nyumba ya mwenyewe wa kwanza imo. Nasi tunapoliuza gari hilo kwa mtu wa Eldoret, majina na nambari za simu tulizoziunganisha nalo humwendea mnunuzi bila malipo ya ziada.

Kuna na ya kwetu wenyewe. Mtu akikopa fedha kwa dhamana ya gari, mkopeshaji humtilia ndani kifaa cha kulifuatilia, na baadhi ya vifaa hivyo vinaweza kuizima injini kutoka mbali. Mkopeshaji ana haki ya kulinda fedha zake. Lakini ni wakopaji wangapi wanaojua kifaa kinarekodi nini, kinamwambia nani, na kama kiliondolewa deni lilipokwisha? Mkataba huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, tunaye na Kamishna wake, lakini raia hawezi kuilalamikia sauti asiyojua kuwa ipo.

Mgala muue na haki yake umpe. Sitaki kueleweka kuwa naitamani kabureta. Vifaa hivi vya elektroniki vimepunguza moshi, vimezuia magurudumu kujifunga dereva akanyagapo breki kwa ghafla, vimewaokoa watu ambao wangekufa kwenye usukani. Tangu Machi 2018 Umoja wa Ulaya umetaka kila aina mpya ya gari dogo iwe na mtambo wa kupiga simu ya dharura peke yake pakitokea ajali, na ningetamani kuuona mtambo kama huo katika barabara ya kwenda Naivasha, pawepo na ambulensi ya kuupokea. Ugomvi wangu ni na kufuli iliyotiwa mdomoni mwa gari, pamoja na masikio yaliyotiwa ndani yake, na kwamba ufunguo wa hivyo vyote uko kwa mtu mwingine.

Wako waliokwisha kuudai ufunguo huo. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliamua mwaka 2012 kwamba mtengenezaji awauzie mafundi wa kujitegemea habari zile zile anazowapa mawakala wake. Mwaka 2020, takriban robo tatu yao wakaongeza kwamba hata habari zinazorushwa hewani na gari zimfikie mwenye gari na fundi amtakaye. Watengenezaji walikimbilia mahakamani, jambo linaloonyesha thamani ya kitu kilichodaiwa. Sisi hatuhitaji hata kura. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu kitu alichokinunua, na Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Viweke vifungu hivyo viwili sambamba, kisha umsikilize tena yule bibi wa Kijapani.

Magari ya mitumba hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, kwa niaba ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Hutazamwa breki, taa, kutu. Sioni kwa nini ukaguzi huo usiulize maswali mengine matatu: je, maandishi na sauti za gari hili zinaweza kugeuzwa kuwa za lugha inayosomeka Kenya, je, habari za mwenye gari wa awali zimefutwa, na je, maana za misimbo yake zinapatikana kwa fundi asiye wakala? Nalijua jibu nitakalopewa, kwamba masharti yatapandisha bei. Yawezekana. Ila nchi inayonunua magari mengi namna hii si ombaomba, ni mteja, na wauzaji wa Japani ni watu wanaomsikiliza mteja.

Jibu jingine nalitarajia kutoka upande wetu wasomi: Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Hoja hiyo imezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na "kihisi", "msimbo" na "masafa" ni maneno yanayotosha kuanzia. Karakana nazo hazikulala. Huko tayari injini "inamisi", gari "linapigwa dayagnosisi", msimbo "unafutwa". Baadhi ya maneno hayo yatawakera walinzi wa usanifu, kama "klachi" lilivyowakera babu zao. Kilichopungua ni uzi wa kuwaunganisha fundi, mwalimu na mtunga kamusi, ambao kwa sasa hawaketi meza moja.

Kwa walimu wa shule za upili nina pendekezo la likizo ijayo. Tunapofundisha sajili, mifano yetu ya matatuni na hospitalini imechakaa, mwanafunzi huikariri kabla ya kuielewa. Wapeni wanafunzi daftari, wawaendee mafundi wa mtaani mwao na kuuliza mambo matatu: ni msimbo upi anaoukuta mara nyingi, anauitaje anapomweleza mteja, na ni ipi ambayo kifaa chake hukataa kuitafsiri. Majibu ya swali la kwanza yatawafaa walimu wa fizikia. Ya pili nitumiwe mimi. Ya tatu, yakikusanywa kutoka Lodwar hadi Lamu, yachapwe vizuri, yatajwe aina ya gari na mwaka wake, kisha yapelekwe KEBS.